Mwendesha Baiskeli Aliyetoa Damu Aelezwe Ukweli

Wananchi wa Nyahanga, katika Manispaa ya Kahama, hawahitaji kuelezwa baiskeli ni nini. Juu ya keria yake hupita gunia la mkaa, madumu ya maji, mpunga unaokwenda mashineni na pengine mgonjwa anayekwenda zahanati. Ni kweli kwamba pikipiki zimeinyang'anya baiskeli abiria wengi, lakini mtu asiye na fedha za petroli bado huamka alfajiri, akajaza upepo magurudumu na kuondoka.

Tunayasema haya kwa sababu ya swali moja ambalo huzuka kila mara watumishi wa damu salama wanapofungasha vifaa vyao na kuondoka: je, mtu aliyetoa damu leo arudi lini kwenye baiskeli yake? Wako watakaoliona swali hili kuwa dogo. Sisi hatulioni hivyo hata kidogo. Mchangiaji hupewa soda na biskuti, akashukuriwa kwa maneno mazuri, kisha akaachwa aende zake. Kesho yake anapakia gunia kama kawaida. Anapofika kwenye mwinuko miguu inalegea, macho yanaingia giza, naye anashuka na kukaa kivulini. Jioni habari imekwisha kuenea mtaa mzima kwamba damu ikitolewa nguvu za mwanamume hazirudi tena. Mwezi unaofuata gari la damu linapokuja, viti vinabaki vitupu.

Uvumi huo si wa kweli. Lakini haufukuzwi kwa kumwambia mtu kwamba hakuna kilichompungua, maana kimepungua, na mwili wake mwenyewe umekwisha kumwambia.

Ukweli ni huu. Chupa moja ya damu ni kiasi cha mililita 450, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya damu yote ya mtu mzima. Maji ya damu hurudi upesi, katika muda wa siku moja au mbili, mradi mtu anywe maji ya kutosha. Chembe nyekundu, ambazo ndizo zibebazo hewa safi kuipeleka katika misuli, hazirudi kwa haraka hiyo. Hizo hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Watafiti wa Ujerumani waliwapima wanaume 29 waliotoa damu mililita 550, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008: kwa wastani ilichukua siku 36 kurudisha kilichotolewa. Aliyewahi kuliko wote alitumia siku 20, na aliyechelewa kuliko wote siku 59.

Kuhusu baiskeli yenyewe, uko uchunguzi wa mwaka 1995 uliofanywa kwa waendesha baiskeli wa mashindano. Baada ya kutoa chupa moja, uwezo wao wa juu kabisa ulishuka, na hata baada ya siku saba ulikuwa bado haujarudi ulipokuwa. Lakini walipoendesha kwa mwendo wa wastani, hawakuonyesha upungufu wowote wa maana. Hapo ndipo penye fundisho kwa watu wetu. Anayekwenda sokoni taratibu katika njia tambarare hana sababu ya kuogopa baada ya kupumzika siku ile aliyotoa damu. Anayepanda mwinuko na gunia la mkaa nyuma yake ni mtu mwingine kabisa. Huyo hatumii nguvu za matembezi, bali hutumia nguvu zote alizo nazo kama mkimbizaji baiskeli anayekaribia utepe, ingawa hakuna anayempigia makofi. Kwa hiyo maneno tuliyozoea ya "usifanye kazi nzito leo" hayamtoshi.

Waliojali kushinda wameujua uzito wa jambo hili zamani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, baadhi ya waendesha baiskeli wa timu ya Marekani walitiwa damu kabla ya mashindano ili wazidi nguvu. Habari hiyo ilipofichuka mwaka uliofuata ilileta aibu kubwa, na mtindo huo ukapigwa marufuku. Kile ambacho wale walikiongeza kwa hila, ndugu yetu wa Nyahanga amekipunguza kwa hiari yake ili amwokoe mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, asiyemfahamu hata kwa jina. Je, ni haki mtu wa namna hiyo aachwe akabahatishe mwenyewe njiani?

Tunawageukia sasa ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome. Huko nako baiskeli zipo, lakini ukweli huu unawahusu pia wapiga makasia na wavuta nyavu. Mtu aliyetoa damu aweza kuzirai hata saa kadhaa baadaye, akiwa amekwisha kuondoka mbele ya macho ya wauguzi. Anayezirai barabarani hupata michubuko na akainuliwa na wapita njia. Anayezirai mtumbwini usiku, katikati ya ziwa, habari yake ni nyingine. Tunawasihi basi wavuvi wasitoe damu mchana na kuingia ziwani usiku wa siku hiyohiyo. Hatusemi hivyo ili kuwakatisha tamaa, maana visiwa vinahitaji damu kuliko sehemu nyingi. Chembe nyekundu zikihifadhiwa vema katika jokofu hudumu kiasi cha siku 35 hivi, na mzazi anayetokwa na damu hawezi kungojea feri ya asubuhi.

Liko jambo la tatu ambalo husahauliwa zaidi, nalo ni madini ya chuma. Kila chupa ya damu huondoka na zaidi ya miligramu 200 za madini hayo, na bila hayo uboho hauna cha kutengenezea chembe mpya. Nchini Marekani wachangiaji 215 walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Waliopewa vidonge vya madini ya chuma kila siku walirudisha sehemu kubwa ya damu yao katika muda wa mwezi mmoja hivi. Wasiopewa walichukua miezi miwili na nusu na zaidi, na wale walioanza na akiba ndogo walichukua kiasi cha miezi mitano.

Soma tena hesabu hiyo, ndugu msomaji, ukikumbuka kwamba hapa kwetu mwanamume huruhusiwa kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Ni dhahiri kwamba yuko mtu mwema, mwaminifu, anayeitika kila wito, ambaye hurudi kutoa chupa ya pili kabla akiba yake haijajaa. Ukiongeza homa za malaria na mlo wa ugali mtupu, huyo atachoka, naye hatajua amechoshwa na nini. Mwanamke yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Ni kweli damu hupimwa kabla ya kutolewa, na mwenye upungufu hurudishwa nyumbani, lakini kipimo hicho cha haraka hakionyeshi akiba ya chuma iliyobaki mwilini.

Chakula cha kusaidia tunacho. Dagaa wa ziwani, maini, maharage, choroko na mchicha vyapatikana sokoni, na kipande cha limau au pera huufanya mwili uyapokee madini hayo vizuri zaidi. Chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo afadhali chai ingojee saa moja au mbili. Tunajua kwamba kumwambia mtu wa mkaa ale maini ni rahisi kuliko kuyanunua.

Ndiyo maana neno letu kubwa ni kwa viongozi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulioanzishwa mwaka 2004 umefanya kazi ya kusifiwa, na kuutegemea ukarimu wa wananchi badala ya kuwahangaisha ndugu wa mgonjwa mlangoni pa wodi ni jambo jema. Lakini katika meza ya kuandikisha wachangiaji liulizwe swali moja zaidi: ndugu, kazi yako ni ipi? Anayejibu kwamba anabeba mizigo kwa baiskeli, anapiga makasia au anashuka duarani kuchimba dhahabu, aandikiwe kwenye kadi yake, kwa Kiswahili, siku ya kurudi kwenye kazi nyepesi na siku ya kurudi kwenye kazi nzito. Siku ile ya kutoa damu asipakie mzigo. Juma la kwanza aende polepole na apunguze mzigo, na akisikia kizunguzungu ashuke. Nguvu zake kamili azingojee kwa majuma matatu au manne hivi. Kijana anayejiandaa kwa mashindano ya baiskeli atoe damu baada ya mashindano, si katika mwezi unaotangulia.

Tena, vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki kwa mama wajawazito vitafutiwe fungu la wachangiaji wanaofanya kazi nzito, kwa ushauri wa mganga, maana wapo wasiofaa kupewa bila kupimwa. Migodi inayowaalika wafanyakazi wake kutoa damu iwape na siku ya mapumziko yenye malipo. Kwa mwenye baiskeli, ambaye hana mwajiri wa kumpa siku hiyo, halmashauri zipange gari la damu lifike jioni, mizigo ikiwa imekwisha kushushwa, katika siku ambayo kesho yake si ya gulio.