Karakana ya Pamoja ni Amana

Katika karakana za pamoja hapa Sumbawanga, mchomeleaji na seremala huweza kutegemea mita moja ya LUKU. Mashine ya kuchomelea ya wati 4,600, kwa umeme wa volti 230, huvuta ampea 20. Ikiunganishwa kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, waya huo hupata moto, na chini yake yamelala maranda makavu. Breka ikijizima, wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya. Huko ni kumfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Twausia: kila mashine kubwa iwe na waya wake na breka yake, ethi ifike ardhini, na kazi aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Dini yetu imekataza kudhuru, na uzembe wa makusudi hauna udhuru. Wallahu aalam.