Gari Kuukuu si Gari la Kutupwa

KATIKA visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, gari dogo lenye mlango wa nyuma limekwisha kuacha kuwa pambo la tajiri. Ni chombo cha kazi cha mtu wa kawaida. Mwalimu hulitumia kwendea skuli ya shamba, mchuuzi hulaza viti vya nyuma akapakia matenga ya samaki na mikungu ya ndizi, na usiku wa manane mja mzito hufikishwa hospitali kwa gari la jirani. Kwa sababu hiyo, matunzo ya magari haya si jambo la mtu na mali yake tu. Ni jambo la uchumi wa majumba yetu, la usalama wa barabara zetu na, kama itakavyoonekana, la maji tunayokunywa.

Tuchukue mfano wa Toyota Starlet. Kiwanda kiliacha kuiunda mwaka 1999, mwaka ule ule ilipotoka Vitz iliyoshika nafasi yake. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote katika Starlet hizo za zamani sasa imekwisha kupita umri wa miaka 25. Magari ya namna hii yametufikia kwa sababu zinazoeleweka. Huko Japani magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, na usukani uko kulia. Aidha, sheria ya huko humtaka mwenye gari jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi wauze gari lingali zima. Kilichokuwa mzigo kwa wenzetu sisi tumekipokea kuwa neema. Lakini neema isiyotunzwa hugeuka nakama.

Husikika mara kwa mara fikra kwamba dawa ya magari makongwe ni kuyapiga marufuku. Fikra hiyo ina nia njema, ila imeshika mkia badala ya kichwa. Kinachoua barabarani si mwaka uliochongwa kwenye bamba la kiwanda. Kinachoua ni breki zisizoshika, tairi iliyokauka na bolijointi iliyolegea. Gari la miaka 5 lisiloangaliwa ni hatari kuliko gari la miaka 25 lililo mikononi mwa mwenye kulijali. Na tukilipiga marufuku gari la mwalimu bila ya kumpa uwezo wa kununua jingine, tutakuwa tumemwondolea chombo na kumwachia shida.

Yafaa basi tuwafahamu maadui wa magari haya hapa visiwani. Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari, kaskazi na kusi, huileta mpaka mlangoni, na mwenye kupita ufukweni huikusanya kwa magurudumu. Chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya chuma, na hapo kutu hufanya kazi mchana na usiku. Wengi wetu huosha gari juu likang'ara, na chini tukapasahau. Huko chini ndiko ziliko bomba za breki, vishikizo vya shokapu na sakafu yenyewe. Gari la pwani lataka kumwagiwa maji matamu chini ya sakafu na ndani ya matao ya magurudumu kila wiki, na vile vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe mchanga. Kazi hiyo haigharimu zaidi ya ndoo chache za maji. Kuziba kutu kwa pati na kupaka rangi juu yake si matengenezo. Ni kumhadaa mnunuzi.

Adui wa pili ni joto pamoja na maji yasiyofaa. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya chokaa, na visima vingi vya pwani vina maji mazito au yenye chumvi. Maji hayo yakitiwa ndani ya rejeta huacha ukoko katika mishipa yake, injini ikashindwa kupoa. Injini ya Starlet za miaka ya 1990, yenye ujazo wa cc 1,331, ina bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini. Ikichemka hedi hupinda na gasketi huungua, na gharama zake ni kubwa kuliko bei ya kulanti ya miaka mingi. Kuna pia mazoea ya kuing'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo si sahihi. Kazi ya thamostati ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuiweka hapo. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu, hula petroli zaidi na huchakaa upesi.

Adui wa tatu ni kukosa kumbukumbu. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nani kati yetu anajua ni lini mkanda wa taimingi wa gari lake ulibadilishwa? Mkanda huo ni wa mpira, na muda wake ni kiasi cha kilomita 100,000. Ukikatika, injini huzima pale pale, hata ikiwa ni katikati ya njia na lori liko nyuma. Mwenye kununua gari lisilo na historia auhesabu mkanda huo kuwa umekwisha, aubadilishe. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa, na baada ya miaka 2 hayafai kutegemewa. Ama tairi, ubavuni mwake mna tarakimu nne zinazoeleza umri: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mnunuzi wa tairi za mitumba na azisome kabla ya kutoa fedha yake.

Sasa tuje kwa mafundi wetu. Hapana budi wapewe sifa wanayostahiki. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na vipuri havipatikani, ni wao waliozifanya Morris na Peugeot ziendelee kwenda, kwa kuchonga, kuunga na kubuni. Ustadi huo ni hazina. Lakini hali imebadilika. Leo shida si ukosefu wa vipuri, bali ni wingi wa vipuri bandia. Pedi ya breki ya bandia huingia katika sanduku lenye jina kubwa, na fundi asiyepata mafunzo ya kuitambua huifunga kwa imani njema. Kijana aliyejifunza gereji chini ya mwembe kwa miaka 10 ana ujuzi wa mikono ambao cheti pekee hakiwezi kuuleta. Anachokosa ni kipimo, kitabu na mtu wa kumthibitisha. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ingefanya jambo kubwa kama ingewafuata vijana hao huko huko waliko, kuwapima, kuwaongezea kilichopungua na kuwapa hati ya ujuzi walionao.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kila gari dogo likibadilishwa oili hutoka kiasi cha lita 3 za mafuta machafu, yenye masizi na vumbi la madini. Katika gereji nyingi mafuta hayo humwagwa chini. Lakini chini yetu ndiko yaliko maji yetu. Chemchemi za upande wa Bububu ndizo zilizoleta maji mjini kwa mfereji aliojenga Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na hadi leo visiwa hivi hunywa maji yatokayo ardhini. Mawe ya chokaa yana nyufa na mapango, hayachuji uchafu. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Hatuna mto mkubwa wa kukimbilia siku visima vitakapoharibika.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Kwanza, ukaguzi wa magari usiishie kwenye taa na stika. Gari lipandishwe, bomba za breki na sakafu zitazamwe. Gari ambalo kutu imekwisha kula nguzo zake liondoshwe barabarani bila ya kuangalia mwenyewe ni nani. Pili, mabaraza ya manispaa na halmashauri yaweke mapipa ya oili chafu karibu na gereji, na masheha wasimamie yatumike. Tatu, wauzaji wa vipuri bandia waandamwe madukani na bandarini, si fundi maskini peke yake. Nne, ofisi za umma zionyeshe mfano. Si haba magari ya serikali yanayolala juu ya matofali kwa kukosa kipuri cha bei ndogo, nayo yamenunuliwa kwa fedha ya wananchi.

Na sisi wenye magari tusisubiri kuamrishwa. Tupime oili kila wiki, tuibadilishe kila kilomita 5,000, tuandike kila kilichofanywa na kilomita zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kwa gari, ukuta wenyewe huenda ukawa roho ya mtoto anayevuka njia kutoka chuoni. Chombo ni amana, na mwenye amana ataulizwa.