Mchina wa Katanga aanzie kwenye neno "piga"

MANENO YA KAZI
Na Kabwe Mwamba

Kutoka Likasi kupitia Kakanda hadi Fungurume na Kolwezi, Kichina sasa ni lugha ya kazini. Mwaka 2008 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, na kampuni za China zilitia sahihi mkataba uliozaa kampuni ya ubia ya Sicomines. Mwaka 2016 CMOC, kampuni ya China, ikanunua hisa za kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan katika mgodi wa Tenke Fungurume kwa dola bilioni 2.65. Shaba na kobalti vimeleta wahandisi, mafundi na wasimamizi ambao kutwa nzima wanafanya kazi bega kwa bega na Wakongomani, huku wakielewana kwa msaada wa mkalimani, kwa Kifaransa cha kuungaunga, kwa programu ya simu au kwa vidole.

Kiswahili kinakumbukwa mwisho. Mzigo wa kujifunza lugha ya mwenzake anaachiwa kijana wa Katanga, anayeambiwa kwamba akijua Kichina atapandishwa cheo. Mgeni naye anahesabiwa kuwa hawezi, eti lugha yetu ni ngumu kwake.

Si kweli. Lipo neno moja ambalo msemaji wa Kichina analielewa upesi kuliko Mwingereza yeyote, nalo ni piga. Kichina kina kitenzi dǎ, ambacho maana yake ya kwanza ni kupiga kwa mkono au kwa fimbo, na kama piga yetu, kimezaa watoto wengi. Kupiga simu ni dǎ diànhuà. Kupiga chapa ni dǎ zì. Mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa husemwa dǎ gōng, jirani kabisa na kupiga kazi. Hata kupiga picha hutumia kitenzi pāi, ambacho nacho ni kupiga, kwa kiganja.

Mchina huyohuyo akijifunza Kiingereza, kitenzi chake kimoja huvunjika vipande: neno moja la simu, jingine la chapa, jingine la kazi, na hakuna hata moja linalogusa kupiga. Inabidi kila moja alikariri peke yake. Kwa Kiswahili anakuja na nusu ya somo tayari kichwani.

Nusu ya pili ndiyo inayotaka mwalimu.

Dǎ shuǐ kwa Kichina ni kuteka maji. Mgeni akitafsiri neno kwa neno atasema "napiga maji", na Waswahili wengi watamwelewa kuwa anakunywa pombe. Hilo halimuumizi mtu. Lakini ndani ya mgodi yapo maneno mawili yanayotembea pamoja kila siku: dǎ yǎn na fàng pào. La kwanza, ukilifuata neno kwa neno, ni "kupiga jicho", na maana yake ni kutoboa mashimo ya baruti kwenye mwamba. La pili ni "kuachia mzinga", yaani kulipua. Wachimbaji wa Kiswahili hugeuza mpangilio: wao hutoboa mashimo, kisha hupiga baruti. Kwa hiyo kitenzi cha kupiga kwa Kichina kiko kwenye kutoboa, na kwa Kiswahili kiko kwenye kulipua. Msimamizi aliyejifunza kwamba dǎ ni piga, akaishia hapo, anaweza kusema "pigeni" akitaka watu wachukue mashine za kutoboa, na aliyezoea baruti akasikia jambo lingine kabisa.

Sauti nazo zina mtego. Kimandarini hutenganisha p na b, au k na g, kwa nguvu ya pumzi, si kwa mtetemo wa koo. Kwa sikio hilo, kupiga na kupika hukaribia kuwa kitu kimoja. Katanga yenyewe inaongeza ugumu, kwa kuwa wengi hapa husema kupika pale ambapo mtu wa Dar es Salaam angesema kupiga, kama wanavyosema ndeke badala ya ndege. Maana nazo hutega: Mchina aliyesoma Kiswahili Beijing, ambako Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni kimekifundisha tangu 1961, amefunzwa kwamba kutumika ni kwa kifaa au dawa. Akifika huku atasikia "banatumika", na wanaosemwa ni watu walio kazini.

China iliwahi kulichukulia jambo hili kwa uzito. Redio yake ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, kabla haijaanza kujenga reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, mwaka 1970. Nchi iliyofanya hivyo haiwezi kudai leo kwamba wafanyakazi wake hawana muda wa kujifunza.

Kampuni za migodi ya Katanga zinapaswa kuwalipia Wachina wao masomo ya Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, yakifundishwa na walimu wa hapa, na yaanzie kwenye vitenzi vya kazi: toboa, piga, pakia, simamisha, ondoka. Wakaguzi wa kazi nao wayapime. Kabla msimamizi hajakabidhiwa zamu ya ulipuaji, aulizwe kwa Kiswahili kama mashimo yametobolewa tu au yameshatiwa baruti, na ajibu mwenyewe, mkalimani akiwa nje ya chumba.