Baruti ya kikombe cha kahawa: risasi za Kisumu nani anazihesabu?

Mwezi uliopita nilikuwa Kisumu kwa arusi ya binti wa shemeji yangu, pale Manyatta Arab. Baada ya swala ya Alasiri wanaume tuliketi barazani tukinywa kahawa, na mazungumzo, kama kawaida ya mji ule, yakaishia kwenye maandamano. Kijana mmoja wa nyumba akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga na kulimimina juu ya mkeka. Yalikuwa maganda ya risasi. Alianza kuyaokota akiwa na miaka 10, baada ya uchaguzi wa 2017, asubuhi za kuamkia ghasia, kandokando ya barabara ya Kondele. Wenzake waliyapuliza kama filimbi kisha wakayatupa. Yeye akayaweka.

Niliyahesabu. Yalikuwa 23. "Zote za G3, ami," akaniambia, kwa sauti ya mtoto anayekutajia aina za magari.

Hapo nikamkumbuka mtoto wa mamangu mdogo aliyeko Ohio, Marekani, ambaye naye anaokota maganda. Huyu ni mlengaji shabaha wa kujifurahisha. Kila Jumamosi huenda uwanjani na bastola yake, akapiga risasi 100, kisha akainama kuyakusanya maganda yake yote kama mtu anayeokota korosho. Nyumbani huyasafisha, akatia fataki mpya kitakoni, akapima baruti, akafunga kwa kipande kipya cha risasi. Ganda moja la shaba nyeupe hutumika hivyo mara kadhaa. Kule hilo ni jambo halali na la kawaida, na wanalifanya watu wengi, wakiwemo wazee waliostaafu ambao kwetu wangekuwa wanacheza bao.

Siku moja nilimuuliza kwa WhatsApp, kwa utani tu: tangu uanze umeshachoma baruti kiasi gani? Nilidhani atasema magunia. Akafungua daftari lake na kunipa hesabu. Baruti hupimwa kwa kipimo kidogo kiitwacho greni, na ratili moja, yaani gramu 454, ina greni 7,000. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutaka kama greni 5 tu. Basi ratili moja inatosha risasi 1,400. Kwa risasi 100 kila wiki, mwaka mzima ni risasi 5,200, ambazo ni ratili tatu na robo tatu hivi. Miaka 10 ya mapenzi yote hayo ni ratili 37.

Kwa vipimo vya wazee wetu hiyo ni frasila moja na kidogo. Mpagazi wa msafara alikuwa akijitwika frasila mbili kichwani kutoka pwani. Miaka 10 ya mtu na bastola yake haifikishi hata mzigo wa mpagazi mmoja.

Na wapagazi wetu waliibeba baruti kweli, hadi kule kule ziwani. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias kutafuta pembe za ndovu kabla reli haijafika Kisumu mwaka wa 1901, na magobori na baruti vilikuwa sehemu ya biashara ile. Wazungu walipoketi Brussels mwaka wa 1890 wakatia saini mkataba wa kuzuia silaha za kisasa kuingia sehemu hizi za Afrika, lakini magobori na baruti ya kawaida wakaviachia mlango kwa masharti. Silaha nzuri zilibaki kwao. Kabla karne haijaisha watu wa ziwani walishazionja katika misafara ya kuwaadhibu. Basi sisi wa pwani tusijifanye wageni katika jambo hili.

Lakini kilichonikaa moyoni katika hesabu ya ndugu yangu ni lile daftari. Ameandika tarehe, aina ya baruti, uzito na idadi. Wala si kwa ucha Mungu. Ni kwa hofu, kwa sababu ukikosea greni chache bunduki inaweza kukupasukia mkononi. Mtu anayechezea tu, asiyemlenga kiumbe chochote, anaweza kukueleza kila chembe aliyoichoma kwa miaka yote hiyo.

Kenya raia hawezi kufanya kama yeye. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kutengeneza risasi bila leseni, na cheti cha mwenye bunduki huandikwa hata idadi ya risasi anazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Sitaki jirani yangu wa Kisauni apime baruti jikoni. Kwa raia, basi, dola yetu inajua kuhesabu vizuri kabisa.

Sasa turudi Kisumu. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikwenda kufungua hospitali ile ambayo wenyeji mpaka leo wanaiita Russia. Kukazuka vurugu, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11, wenyeji wakasema ni wengi zaidi, na ubishi huo haujaisha. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliandika kwamba nchi nzima walikufa watu 1,133, na kati yao 405 kwa risasi. Ikaja 2017, ikaja 2023. Kila mara tunabishana juu ya idadi ya maiti. Risasi zilizotoka ni ngapi, kutoka bunduki ngapi, zilizorudi ghalani ni ngapi, hilo halitangazwi.

Nasi huku hatuna ubora. Polisi walipouvamia Masjid Musa tarehe 2 Februari 2014, sote tuliuliza nani kafa na nani kakamatwa. Sikumbuki hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyesimama kuuliza: zimetolewa risasi ngapi leo asubuhi, na zimerudi ngapi?

Swali hilo lina faida kuliko linavyoonekana. Idadi ya maiti hukueleza msiba, ilhali idadi ya risasi inakupeleka kwa mtu. Tazama yaliyotokea Derry, Ireland ya Kaskazini, Jumapili ya tarehe 30 Januari 1972. Askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji na watu 13 wakafa siku ile. Jeshi lile, pamoja na ubabe wake wote, lilikuwa na desturi ya kumdai kila askari maelezo ya kila risasi. Ikajulikana kwamba zilipigwa 108. Askari mmoja akakiri kupiga 22, na alipobanwa akadai kwamba 19 kati ya hizo alizipiga kwenye dirisha lilelile moja. Hata uchunguzi wa kwanza, uliowapendelea askari waziwazi, haukuweza kulimeza dirisha hilo. Ukaandika kwamba risasi 19 hazina maelezo. Ilichukua hadi 2010 ripoti ya Saville itoke na waziri mkuu wa Uingereza aombe radhi bungeni. Miaka 38 ni mingi, sikatai. Lakini kulikuwa na hesabu ya kushikilia miaka yote hiyo, na uongo ulikuwa na mahali pa kujikwaa.

Mtu ataniambia: hayo ni ya Ulaya, hapa hakuna sheria. Ipo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inasema matumizi yoyote ya bunduki, hata kama hakuna aliyeumia, yaripotiwe mara moja kwa mkubwa wa askari huyo. Kukiwa na kifo au jeraha baya, taarifa iende kwa mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, nayo ichunguze. Jedwali hilohilo linamtaka Inspekta Jenerali aweke kanuni za utunzaji na utoaji wa silaha, ili kila askari awajibike kwa bunduki na risasi alizokabidhiwa. Kwa hiyo daftari la ndugu yangu wa Ohio lina mwenzake katika kila ghala la silaha la polisi, au linapaswa kuwa naye. Tatizo ni kwamba mwananchi halioni, na familia iliyofiwa hailioni.

Na ikiwa risasi za serikali hazifuatwi, hazibaki mikononi mwa serikali. Mwaka wa 2008 watafiti wa Small Arms Survey walikwenda Turkana Kaskazini, wakachunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji bila leseni. Kitakoni mwa kila ganda hupigwa chapa ya kiwanda na mwaka. Wakakuta karibu nusu zimetengenezwa Kenya, katika kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret, saa chache tu kwa gari kutoka Kisumu. Zilikuwa zimetoka kwa polisi.

Najua jibu la makamanda. Watasema askari hufyatua hewani kutawanya watu, na kwamba ukitangaza idadi unawapa wahuni faida. Ni kweli Kisumu kuna vijana wanaotumia maandamano kupora maduka, na shemeji yangu mwenyewe mwenye duka hawapendi. Lakini risasi iliyopigwa hewani nayo huandikwa, maana hushuka mahali. Kutangaza jumla wiki moja baadaye, kwa kituo na kwa aina ya bunduki, hakumpi mhuni chochote. Ni ukurasa mmoja wa karatasi. Polisi wakiwa walijizuia kama wanavyodai, ukurasa huo ungekuwa wakili wao.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Wanasiasa wameanza kupita Kibuye na Kondele, kama wanavyopita Kongowea na Likoni, na kila mmoja anaahidi amani. Nawaomba mnaosoma haya, wa huku na wa kule ziwani, mtu akija barazani kwenu mumuulize kama yuko tayari kutaka Inspekta Jenerali achapishe hesabu ya risasi baada ya kila operesheni. Atakwepa. Muulizeni tena.

Jioni ile barazani nilipiga hesabu ya lile kopo nyuma ya kadi ya mwaliko. Risasi ya G3 hutumia kama greni 45. Mara 23 ni greni 1,035, yaani gramu 67. Baruti yote ile ingeenea katika kikombe cha kahawa nilichokuwa nimeshika. Kijana akayarudisha maganda yake moja moja, akafunga kifuniko. Nilimuuliza kama bado anaokota. Akasema kopo lina nafasi.