Mtengenezaji wa filamu aje akae mbele yetu



Vijana wa msikiti wetu hapa Mbeya wameiandikia kamati barua ya kurasa mbili. Wanaomba ukumbi wa madrasa, mara moja kila mwezi, waonyeshe filamu zilizotengenezwa na Waafrika wenzetu, na kila inapowezekana mwenye kuitengeneza filamu aalikwe, akae mbele ya watazamaji na kuulizwa maswali. Wenzao wa Iringa wamekubali kuipokea filamu hiyo hiyo siku inayofuata, ili mgeni mmoja ahudumie miji miwili katika safari moja. Kamati imegawanyika. Kwa kuwa jambo lenyewe linagusa kila nyumba yenye watoto, tumeona tulilete katika ukurasa huu kabla halijatolewa uamuzi.

Tuanze na hoja ya wazee, kwa sababu ina uzito. Ukumbi wa madrasa ulijengwa kwa michango ya watu waliokusudia watoto wasome Qur'ani. Wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na hatuwezi kuwauliza kama wangeridhia. Mafaqihi wametufundisha kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa, nasi hatuoni njia ya kulikwepa. Juu ya ukumbi, basi, tuko pamoja na wazee: utafutwe mwingine, hata ukiwa wa kukodi. Juu ya filamu zenyewe tunatofautiana nao.

Imesemwa kikaoni kwamba kuonyesha filamu ni kuwafungulia watoto mlango. Mlango huo, ndugu zetu, u wazi siku nyingi. Umo katika simu ya baba iliyoachwa mezani baada ya swala ya Isha, na umo katika vibanda umiza vya mitaani, ambako kijana hulipa fedha kidogo akakaa kwenye benchi mpaka usiku. Vibanda hivyo vimezaa hata mafundi wake. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza utani na maelezo yake mwenyewe. Watu walimpenda, na walikuwa na haki ya kumpenda. Hata hivyo, msimuliaji siye mwenye filamu. Mtazamaji aliyeudhika kwa alichokiona hakuwa na wa kumuuliza, na mtoto mwenye simu leo hana wa kumuuliza pia. Hapo ndipo ombi la vijana linapotofautiana na mazoea yetu, maana wao wanataka sinema iletwe pamoja na mtu wa kuitolea maelezo.

Wenzetu wa Zanzibar wamelijaribu jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, maarufu kwa jina la ZIFF, lilianzishwa mwaka 1997, na kitovu chake kimekuwa Ngome Kongwe, hatua chache kutoka Forodhani. Waongozaji wa filamu husafiri kutoka nchi nyingi wakaonyesha kazi zao pale chini ya anga, katika mji wenye misikiti kila upande, na filamu zimepelekwa hata vijijini. Si kila kilichoonyeshwa pale kingefaa mbele ya mabinti zetu, wala hatuzitamani pilikapilika za usiku wa tamasha. Tunachokitazama ni kwamba mwaka 2014 tamasha lilifanyika katikati ya Juni, kabla ya Ramadhani kuandama, na mwaka 2015 likangoja mpaka mwezi mtukufu umalizike. Mgeni alikuja kwa ratiba ya mwenyeji. Tena, zamani za majumba ya sinema, Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, na mabibi zetu waliyahudhuria wakiwa wamejistiri bila kuona tabu. Anayedhani kwamba masharti ya namna hii ni mapya, au hayatekelezeki, aulize wazee wa pwani.

Sasa tutaje filamu, maana kuzungumza kwa ujumla hakutatufikisha mbali. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, imesomwa na wengi wetu. Amil Shivji ameifanya filamu, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja ya zama za ukoloni, anaozwa mume mzee asiyemtaka. Anatoroka, kisha anapendana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Ni kisa cha mapenzi ya nje ya ndoa, hatungekiweka mbele ya watoto. Lakini mzazi akikitazama peke yake ataona binti muasi tu, na binti akikitazama peke yake huenda akahitimisha kwamba Uislamu ndio uliomfunga Yasmin. Wakibaki hivyo, kila mmoja na lake moyoni, nyumba imepata hasara.

Tufikirie badala yake ukumbi ambamo mwongozaji amekaa upande mmoja na sheikh upande wa pili. Sheikh atakumbusha kisa cha Khansaa bint Khidham (r.a.), aliyeozwa na baba yake pasipo ridhaa yake, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye Mtume akaitengua ndoa ile, kisa hicho kimo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Mwongozaji ataulizwa kwa nini alichukua hiki katika kitabu akaacha kile. Tungependa pia akina baba waliokwisha kuchumbia mabinti zao bila kuwashauri wawepo siku hiyo, wakae viti vya mbele.

Kwa familia nzima tungeanza na kazi ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali aishiye Ulaya, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mke wa Mchimba Kaburi. Ilipata tuzo kuu ya tamasha la FESPACO huko Ouagadougou mwaka 2021. Guled ni mchimba makaburi wa Djibouti. Yeye na wenzake hungoja karibu na hospitali, sepetu mikononi, wapate maiti wa kuzika ndipo wapate chakula. Mkewe, Nasra, anaugua figo, na gharama ya upasuaji imewazidi. Basi, kisa ndicho hicho: mume maskini, Mwislamu, anahangaika kwa ajili ya mkewe, na mtoto wao anatazama. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni wachache kati ya majirani zetu, na majirani hao wamemwona Mwislamu wa kwenye sinema mara nyingi akiwa na bunduki. Ndiyo maana tunapendekeza waalikwe nao, wakae pamoja nasi, wamwone Guled.

Filamu hiyo ni ya Kisomali, kwa hiyo lazima awepo kijana mwenye sauti wa kuwasomea akina bibi tafsiri kwa Kiswahili. Awe mwaminifu, utani wa vibandani auache nje.

Yapo na ya utekelezaji. Filamu ya kuonyeshwa hadharani iwe imepita Bodi ya Filamu, kama inavyotaka Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Watu watatu, akiwemo mama mmoja, waitazame kwanza kabla mgeni hajaalikwa, maana kumwita mtu kutoka mbali kisha kumzimia projekta katikati ni kumdhalilisha. Kuonyesha nje usiku, kama Ngome Kongwe, hapa kwetu mwezi Julai ni kuwatafutia watoto kikohozi. Tungeanza ukumbini baada ya Adhuhuri, filamu iishe kabla ya Alasiri, tuswali, kisha mgeni aulizwe mpaka karibu na Magharibi.

Limebaki suala la akina mama. Baadhi ya wajumbe wanataka kikao chao kiwe mbali, kama zanana. Baadhi wanasema ukumbi mmoja wenye safu tofauti unatosha, kwa kuwa mgeni hatapata muda wa vikao viwili na kesho yake anatakiwa Iringa. Katika kamati yetu wote ni wanaume, na suala hili hatukustahili kulijadili peke yetu. Tumewaomba viongozi wa darsa la akina mama walijadili na kutuletea jibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho.