UCHAMBUZI: Mwenye chipu chache hazugwi, anasubiriwa

AGOSTI 2019, Gerard Piqué na Arturo Vidal, wote wakiwa wachezaji wa Barcelona, waliingia kwenye mashindano ya karata za poka jijini humo. Kiingilio kilikuwa Euro 25,000 kwa kichwa. Piqué alimaliza wa pili na kuondoka na zaidi ya Euro 350,000. Vidal akawa wa tano, akabeba zaidi ya Euro 130,000.

Tangu hapo, kila Neymar anapoonekana na karata mkononi, vijiweni swali ni lile lile: hawa jamaa wana bahati tu, au kuna akili ndani yake?

Vyote vipo. Ila akili inaonekana zaidi kwenye meza ya pesa taslimu kuliko kwenye mashindano. Mashindano ni kama kombe la mtoano: chipu zikiisha, umeaga. Meza ya pesa taslimu ni ligi. Chipu (siyo zile za mayai) ni pesa yenyewe. Ukichoka unainuka na chako, ukiishiwa unaingiza mkono mfukoni unanunua nyingine.

Sasa kwenye meza hizo kuna mpinzani mmoja anayesumbua sana wanaoanza. Amenunua chipu kidogo, halafu anacheza kila karata anayopewa. Hana breki. Wengi wakimwona wanachekelea, wanajua wamepata mteremko. Saa moja baadaye jamaa ana chipu zao.

Kosa la kwanza ni kumzuga. Kuzuga kunafanya kazi kwa mtu anayeweza kuogopa na kutupa karata zake. Huyu hatupi. Ni sawa na kumpiga chenga ya mwili beki aliyefumba macho: hajaiona chenga yako, anakuja na miguu yote miwili.

Kosa la pili ni la hesabu. Katika Texas Hold'em kila mtu ana karata mbili za siri, halafu tano zinafunguliwa mezani, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja. Tuseme madau ya lazima ni Sh1,000 na Sh2,000. Wewe una Sh400,000 mbele yako, yeye ana Sh40,000. Mkibaki wawili, zile Sh360,000 zako za ziada hazina kazi yoyote. Mechi ni ya Sh40,000, basi.

Jamaa anapandisha hadi Sh10,000. Wewe umeshika 5 mbili. Kwa mpinzani mwenye mlima wa chipu, unaweza kufuata ukiombea 5 ya tatu itue, maana ikitua unamkamua vizuri. Kwa huyu hesabu inakataa. 5 hiyo inatua kwenye karata tatu za kwanza takriban mara mbili katika kila 17. Mara 15 unaacha Sh10,000, jumla Sh150,000. Mara mbili unazopata, hata akikulipa zote pamoja na madau ya lazima, ni Sh86,000. Unashangilia mabao mawili huku umefungwa manne.

Geuza sasa. Umeshika Q mbili. Hapo usizubae wala usijifanye mjanja. Pandisha, mwache aweke zote. Dhidi ya karata zozote mbili, Q mbili hushinda karibu mara nne kati ya tano. Unachukua Sh40,000 mara nne, unapoteza mara moja. Faida Sh120,000.

Hiyo ndiyo dawa yake: subiri karata nzuri, weka pesa mapema, acha mbwembwe.

Shida ni ile mara moja kati ya tano. Mwaka 2013 Wigan waliifunga Manchester City 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley, bao la kichwa la Ben Watson dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye Wigan hao hao wakashuka daraja. Mechi moja iliwapa kombe, mechi 38 zikawaumbua. Mwenye chipu chache anakuvuta kwenye mechi moja moja, na mechi moja mnyonge anashinda. Ukikasirika ukaanza kucheza kama yeye ili kulipiza, umeshaondoka kwenye ligi ambayo ungeshinda.

Na hapa ndipo stori inapotugusa sisi, ambao wengi hatujawahi hata kukaa meza ya poka.

Nenda kibanda umiza chochote Jumamosi. Kijana ana Sh2,000 na mkeka wa mechi kumi. Anaingia kila mechi, hadi ligi asiyoijua inachezwa nchi gani. Tuseme kachagua vizuri, kila timu ina nafasi ya kushinda asilimia 70. Mechi zote kumi kutiki ni chini ya mara tatu katika 100. Jumapili usiku mkeka umechanika kwa timu moja, na Jumatatu anatafuta Sh2,000 nyingine ili arudishe.

Pesa kidogo, anacheza kila kitu, haogopi, akiishiwa anaongeza. Tumeshamsoma huyo jamaa hapo juu. Ni sisi.

Na upande wa pili wa meza amekaa mwenye kampuni ya kubeti. Hakuzugi, hakasiriki, hana haraka. Akikulipa leo anajua ni ile mara moja yake. Amekaa na hesabu yake, anakusubiri Jumamosi ijayo.

Piqué alikuwa na Euro 25,000 za kupoteza na maisha yakaendelea. Kabla hujatuma ile Sh2,000, jiulize kwanza kwenye meza hii wewe ndiye unayesubiri, au ndiye unayesubiriwa.