Infraredi ya kifaa mnaiogopa, ya fundi welding je?

Leo mnisamehe, nina hasira.

Wiki nzima hosteli stori ni moja: vile vifaa vinavyofuatilia jicho linaangalia wapi kwenye skrini, eti taa zake za infraredi zinapofusha. Jamani! Tupige hesabu, si ndiyo iliyotuleta chuo? Kiwango cha kimataifa kinasema jicho likikaa muda mrefu kwenye infraredi lisipokee zaidi ya wati 100 kwa mita ya mraba. Kifaa kilichotengenezwa sawasawa hakifiki hapo. Jua kali la mchana linashusha kama wati 1000, karibu nusu yake infraredi, na sijaona mtu anakimbia.

Mkitaka kuogopa, njooni kwetu Bariadi. Fundi anachomelea geti, au plau ya mkulima wa pamba, kavaa miwani ya jua aliyonunua kwa machinga. Dogo anayemshikia chuma hana hata hiyo, anageuza uso tu. Na watoto wamesimama wanashangaa cheche.

Miwani ile inamdanganya. Giza likiingia mboni inafunguka, na kama kioo hakizuii mionzi ya urujuanimno, basi inaingia mingi zaidi. Hiyo inaunguza uso wa jicho, halafu maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, usiku, kama umemwagiwa mchanga machoni. Infraredi yenyewe ni kimya. Huioni, kwa hiyo jicho halifumbi. Joto lake likirudia miaka na miaka linaweza kuleta mtoto wa jicho, kama lilivyowapata mafundi wa tanuru za vioo huko Ulaya.

Najua mtasema "fundi kashazoea". Mkono unazoea, jicho halizoei!

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Sawa, lakini dogo wa kibandani mwajiri wake ni mjomba wake. Nani atamshtaki mjomba?

Kwa hiyo ni sisi wateja. Ukienda kuagiza geti, kabla hujaanza kulalia bei, uliza: fundi, maski iko wapi? Maski yenye kioo cha kuchomelea, namba 10 kwenda juu, na ya dogo pia. Hana? Mpe kazi mwenye nayo. Na hiyo elfu mnayopunguziwa, mjue inatoka kwenye macho ya mtu.

Naomba kutoa hoja.